Sabato ya Nyumba ya Upepo

Gulled alipofika Keumbu kuulizia jenereta, aliona miguu ya mtu ikitokeza chini ya kibanda cha mabati, na akasikia spana ikigonga chuma. Akapiga hodi, akasema anamtafuta Bwana Mogire mwenye umeme. Miguu ikajivuta nje. Aliyesimama mbele yake akijifuta mikono kwa tambara la grisi alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa koti la mwanamume. Akamwambia kwamba Mogire alifariki mwaka juzi. Kama ni habari ya umeme, azungumze naye.

Mwanamke huyo aliitwa Eucabeth. Marehemu mume wake alikuwa mtunza mitambo katika shamba la mzungu mmoja kule Nyansiongo, na mzungu alipofunga virago na shamba likagawanywa, Mogire alirudi nyumbani na jenereta ya dizeli badala ya mshahara wake wa mwisho. Tangu wakati huo mashine hiyo ilikuwa imewasha taa za arusi nyingi na kupaza sauti za harambee nyingi, na kila Agosti ilipelekwa bure kwenye makambi ya kanisa lao la Wasabato ili vipaza sauti vifikishe mahubiri mpaka upande wa pili wa bonde. Mogire alikuwa mtoto pekee wa mama yake, na Eucabeth hakujaliwa mtoto. Mogire alipokufa, bomani walibaki wanawake wawili na mashine. Mama mkwe wake, bibi Nyanchama, aliacha nyumba yake ndogo upande wa pili wa ua, akahamia kwa mkamwana wake, maana hakuna kati yao aliyeweza kustahimili kusikia kuta peke yake.

Gulled alikuwa Msomali mwenye duka la nguo mjini Kisii. Alieleza shida yake polepole, kama mtu aliyezoea kutoaminiwa. Alikuwa amenunua nyumba ya upepo kutoka kwa kampuni ya michezo iliyokuwa ikifunga kazi Nairobi. Nyumba yenyewe ni ya turubai nene la mpira, rangi nyekundu na buluu, ina minara kama ngome. Ukiilaza chini ni mzigo tu. Ukiipulizia kwa feni kubwa inainuka, watoto wanaingia ndani wanarukaruka. Mwezi huo kulikuwa na maonyesho ya kilimo Kisii, naye amepewa nafasi upande wa chini wa uwanja, mahali ambapo nyaya za umeme hazifiki.

Eucabeth aliuliza umeme ukikatika inakuwaje.

"Inalala," Gulled alisema. "Kwa hivyo usikatike. Turubai lile ni zito, na watoto wako ndani."

Kisha Eucabeth akauliza jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko malipo: ni siku gani. Gulled akataja Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Eucabeth akamwambia Ijumaa jua likizama yeye anazima. Gulled hakushangaa. Alikuwa amekaa na Wasabato miaka mingi, nusu ya wateja wake hawakanyagi dukani Jumamosi. Alisema ya Jumamosi atatafuta mashine nyingine Kisumu, na wakapatana.

Bibi Nyanchama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe mpaka mgeni alipoondoka.

"Na hiyo ya Kisumu isipokuja?" aliuliza.

"Itakuja, mama."

"Mimi nimekuuliza, isipokuja."

Eucabeth alisema isipokuja yeye atakuwa kanisani, kwa hivyo halitakuwa jambo lake. Bibi akarudia kuchambua maharagwe yake.

* * *

Alhamisi asubuhi feni ilipoanza kuvuma, turubai lilijikunjua likitweta, likainua bega moja, halafu la pili, mpaka minara ikasimama juu ya vichwa vya watu. Watu walipiga kelele wakarudi nyuma. Eucabeth hakuyaona hayo sawasawa. Jenereta iliwekwa nyuma kabisa, karibu na ua wa miiba, ili moshi na ngurumo visiwasumbue wateja, na kutoka hapo alichokiona ni mgongo wa nyumba tu, mwekundu, ukitikisika kama tumbo la mtu anayecheka. Watoto wenyewe walikuwa upande wa pili. Hata vicheko vyao havikumfikia, mashine ilivimeza vyote.

Akakaa juu ya debe lililopinduliwa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza injini, kuongeza dizeli, kuangalia maji ya kupoza yasipungue tangini, na kuhakikisha nyaya hazikanyagwi. Wanakanisa wenzake kadhaa walipita njia ya karibu na ua wakielekea kwenye ng'ombe wa maonyesho. Mmoja wao, mke wa mwalimu, walikuwa wakiimba naye kwaya moja. Alimwona Eucabeth na koti lake la mafuta, akageuza uso akaanza kumwonyesha mwanawe ndama aliyefungwa mbali. Eucabeth alikuwa tayari ameinua mkono kumsalimu. Akautumia kujikuna shingo.

Aliyekuja alikuwa Kaltuma, mke wa Gulled, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni mwa nyumba ya upepo kukata tikiti na kupanga viatu vya watoto, ingawa wengi hawakuwa na vya kuvua. Aliuza chai pia, ya maziwa na iliki, kwenye birika kubwa la kijeshi. Adhuhuri, walipofunga kwa chakula na mashine ikazimwa ipumzike, alileta vikombe viwili akaketi chini pembeni ya debe kana kwamba walikuwa wamejuana siku zote. Alisema yeye ni wa Isiolo, aliolewa akaletwa Kisii, na mpaka leo akienda sokoni watu humjibu kwa bei tu. Anajua bei za vitu vyote mjini, akasema, lakini hajui nani ameugua wala nani amejifungua.

Eucabeth alicheka. Kisha akaanza kueleza, bila kuulizwa, jinsi Mogire alivyomfundisha kusikia injini ikidai mafuta kabla haijapungukiwa, na jinsi alivyomkataza kulia karibu na mashine yeye, Eucabeth, alipofiwa na baba yake kwa sababu, alidai, itapata kutu. Alikuwa hajalitaja jina la mume wake kwa sauti kwa muda mrefu. Nyumbani bibi Nyanchama hakupenda litajwe.

Ijumaa adhuhuri Kaltuma alikuja tena, na safari hii alileta sambusa.

* * *

Ijumaa jioni habari ikafika kwamba lori lililobeba mashine ya Kisumu limevunjika ekseli njiani, halitaonekana kabla ya Jumapili. Gulled alikuja nyuma ya nyumba akiwa ameshika kofia mkononi. Hakubembeleza sana. Alisema kesho ndiyo siku yenyewe, shule zote zitakuja, na kwamba ili kununua kitu hiki aliuza bidhaa zote za duka. Eucabeth alitazama jua, lilikuwa limegusa mibuni ya kilimani. Akamwambia awatoe watoto. Walipotoka, akazima. Nyumba ikalala polepole, mnara mmoja baada ya mwingine, na upande wa mbele akasikia watoto kwa mara ya kwanza, wakilia kwamba zamu yao haijafika.

Alikuwa amekwisha kuchomoa hendeli ya kuwashia na kuitia kwenye kikapu Kaltuma alipomfuata mpaka kwenye ua wa miiba.

"Wewe nenda ukasali," Kaltuma alisema. "Hutagusa chochote. Niachie hicho chuma tu. Kuna fundi wa kinu cha Nyakoe, Manasseh, amekubali kuiangalia."

Eucabeth alijua jibu. Alikuwa amelisema mbele ya bibi Nyanchama kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini alimtazama yule mwanamke aliyesimama na birika lake tupu, mtu pekee ambaye tangu msiba alikuwa amemuuliza jambo na kungoja ajibu, akaona kwamba akisema hapana, kesho kutwa atakuja kuchukua mashine yake na watazungumza bei tu.

Akatoa hendeli kikapuni. Manasseh alipoitwa, alimweleza habari za mafuta na maji, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesimuliwa anachokijua. Halafu Eucabeth akapanda gari kwenda Keumbu, na jua likazama akiwa bado njiani.

* * *

Jumamosi hapakuwa na wingu. Kanisani madirisha yote yalifunguliwa na bado wanawake walijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Eucabeth aliketi pembeni ya bibi Nyanchama mahali pao pa siku zote. Bibi hakujua habari ya hendeli. Alijua tu kwamba mkamwana wake amerudi na mashine imebaki Kisii, na usiku uliopita alilala akiwa ameridhika.

Mzee wa kanisa, Angwenyi, ndiye aliyeongoza. Eucabeth aliimba, akafungua Biblia palipotajwa, akaitikia amina. Lakini masikio yake yalikuwa kwingine. Aliwazia injini ikizunguka katika jua lile. Ndipo akakumbuka jambo ambalo hakumwambia Manasseh. Alhamisi na Ijumaa mashine ilipumzishwa adhuhuri kwa sababu watu walikwenda kula, na Manasseh hakuwako kuona. Leo, kwa umati uliotarajiwa, Gulled hatafunga. Na mashine ile haikupata kukimbia mchana kutwa bila kupumzika tangu itoke Nyansiongo. Maji yangechemka yakaisha, injini ingekwama ghafla, na turubai lile zito lingeshuka juu ya watoto.

Waumini walikuwa wamepiga magoti kwa maombi. Eucabeth akainuka. Bibi Nyanchama akaishika nguo yake bila kufungua macho.

"Kaa chini."

"Kuna watoto, mama," alinong'ona. "Nilimwachia mtu hendeli."

Mkono wa bibi haukumwachilia mara moja. Uliganda kwenye kitambaa kama unaopima ubora wake, halafu ukafunguka. Eucabeth akapita katikati ya migongo iliyoinama, sauti ya Angwenyi ikisita kidogo kisha ikiendelea, akatoka. Barabarani alisimamisha gari la kubeba ndizi. Alilipa nauli, na hiyo pia ilikuwa kuvunja Sabato.

* * *

Alisikia kabla hajaona. Ngurumo ya mashine ilikuwa imegeuka kugonga, chuma kwa chuma, na alikimbia akipita kati ya watu waliotazama mbuzi na mahindi. Nyuma ya nyumba ya upepo mvuke ulitoka tangini kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Manasseh hakuwako. Alikuwa amekwenda na debe kutafuta maji, na foleni ya bomba ilikuwa ndefu kama ya mahospitalini.

Kuzima hakuweza, watoto wangefunikwa. Akazunguka mpaka mbele, mahali ambapo hakuwa amefika hata mara moja siku zote mbili, na akauona mlango wa nyumba ile na kilichokuwa ndani. Ilikuwa imejaa. Watoto walirushwa juu wakaanguka wakarushwa tena, sare za shule za kila rangi, midomo wazi. Eucabeth alisimama pale kwa kitambo kama aliyesahau kilichomleta. Kisha akamwambia Gulled awatoe wote, sasa hivi, na Gulled alipoona uso wake hakuuliza sababu.

Maji ya baridi kwenye chuma kilichopata moto vile yangekipasua. Alitupa macho huku na huku, akaliona birika la Kaltuma, chai yake imebaki vuguvugu. Akalibeba kwa mikono miwili. Alifungua kifuniko cha tangi kwa kutumia pindo la nguo yake ya kanisa, mvuke ukamchoma kutoka kifundo cha mkono mpaka kiwiko, akaimimina chai ya maziwa na iliki ndani ya mashine ya Mogire kidogo kidogo. Mgongo ule wa chuma ukanguruma, ukakohoa, kugonga kukapungua. Ingeweza kwenda dakika chache.

Kaltuma akaja akikimbia, akasema kuna mmoja hataki kutoka. Ni msichana mdogo, amejibana kwenye pembe ya ndani kabisa kwa kuogopa zile kelele. Gulled amejaribu, ni mzito, kila akikanyaga sakafu inamzamisha na mtoto anazidi kulia.

Eucabeth akavua viatu, akaingia. Sakafu ilimkataa. Alianguka, ikamrusha, akaanguka tena bila kuumia, na akatambaa kwa magoti kuelekea kwenye gauni la manjano lililokuwa pembeni. Alimfahamu mtoto alipomfikia. Alikuwa mjukuu wa mzee Angwenyi, binti ya mwanawe mmoja aliyeoa Mkatoliki na ambaye hakuishika tena Sabato. Mtoto naye akamfahamu, akamkumbatia shingoni, na hivyo wakatoka, wakirushwa pamoja, mbele ya macho ya watu wa Keumbu, Nyakoe na kwingineko, waliosimama kutazama mjane wa Kisabato akiruka ndani ya nyumba ya upepo siku ya Sabato.

Alirudi nyuma akazima. Hakuna mtoto aliyeumia. Manasseh akafika na debe la maji kichwani, akasimama tu.

* * *

Jioni habari ilimtangulia nyumbani. Alipofika, mkono umefungwa kitambaa cha huduma ya kwanza, alimkuta bibi Nyanchama akikunja blanketi lake. Bibi alivuka ua na blanketi, akarudi akachukua mkeka, akarudi tena akachukua sufuria yake ndogo. Eucabeth alisema atamsaidia kubeba. Bibi akasema hapana.

"Nilitoka kwa sababu ya watoto," Eucabeth alisema.

"Hukutoka kwa sababu ya watoto. Ulitoka kwa sababu ya chuma ulichokiacha kule." Bibi alisema bila ukali. "Ungekuja na chuma chako nyumbani, hao watoto wangebaki kwao."

Eucabeth alijua kwamba ni kweli. Usiku huo moshi ulitoka kwenye mapaa mawili badala ya moja.

Ilikuwa hivyo siku iliyofuata na nyingine. Sukari aliyoinunua Eucabeth kwa malipo ya Gulled bibi hakuigusa. Alikula ndizi za shamba lake na mboga alizochuma mwenyewe, na Eucabeth alipompelekea uji aliupokea, akashukuru, na asubuhi Eucabeth akaukuta mlangoni umefunikwa, haukuguswa. Hawakugombana. Walisalimiana kila asubuhi kama majirani.

* * *

Baraza la kanisa lilikaa Jumapili ya pili. Eucabeth alisimama mbele ya meza, mkono wake uliofungwa ukiwa kifuani, na mzee Angwenyi akamwuliza kama ni kweli mashine yake ilifanya kazi ya malipo siku ya Bwana. Akasema ni kweli. Akaulizwa kama alijua. Akasema alijua, yeye ndiye aliyetoa hendeli, na kwa hilo anatubu.

Wakamtaka atubu pia kutoka kanisani katikati ya maombi na kwenda kufanya kazi kwa mikono yake. Hapo alisema hilo hawezi, atakuwa anasema uongo. Mtu mmoja akauliza mbona anajiona ni mwema kuliko amri. Eucabeth akasema yeye hajiiti mwema, ila kila mwaka makambini mashine hiyohiyo hunguruma siku ya Sabato, naye hukaa nayo mahubiri yakianza mpaka yaishe, na hajaambiwa kitu.

"Ile ni kazi ya Mungu," Angwenyi alisema, akitazama karatasi zake.

Eucabeth alimtazama. Angeweza kulitaja lile gauni la manjano. Wajumbe wote wangegeuza shingo. Aliona jinsi vidole vya mzee vilivyoishika kalamu, akajua kwamba mzee anangoja alitaje, na kwamba amekwisha kujiandaa. Hakulitaja.

Aliondolewa katika ushirika kwa mwaka mmoja. Anaweza kuja, akaambiwa kwa upole, akae benchi la nyuma, lakini asiimbe kwaya, asishiriki meza, asipewe kazi yoyote. Sabato iliyofuata alikwenda. Benchi la nyuma lilikuwa la kukaliwa na watu wengi, lakini alilikalia peke yake, na mke wa mwalimu alipochelewa alichagua kusimama.

Wiki hiyo Kaltuma alikuja kuaga. Walikuwa wakiipeleka nyumba ya upepo Nyamira, halafu Kericho, kisha kokote. Gulled alikuwa anamtaka Eucabeth awafuate na mashine yake, siku za kazi zitakuwa zile anazotaka yeye, hilo ameapa. Eucabeth alitazama nyumba ndogo upande wa pili wa ua. Bibi alikuwa ameketi nje akiota jua, macho yake yakiwa hayaoni vizuri tena, akipapasa ardhi kutafuta fimbo iliyokuwa karibu tu na mguu wake.

"Siwezi kumwacha," alisema.

"Lakini hasemi na wewe."

"Ndiyo. Lakini nikienda hatakuwa na wa kutosema naye."

Kaltuma hakucheka, ingawa Eucabeth alikuwa amejaribu kusema kwa mzaha. Alimwachia majani ya chai na iliki ndani ya karatasi. Gari lao lilipopita barabarani, turubai jekundu na buluu likiwa limefungwa kwa kamba nyuma, mkono mmoja ulipungwa dirishani, na Eucabeth akasimama pale mpaka vumbi likatulia.

* * *

Agosti makambi yalikaribia. Asubuhi moja mzee Angwenyi alikuja mwenyewe, akasimama kwenye lango la boma, hakuingia. Alizungumza habari za mvua na pareto. Kisha akasema kanisa linaomba jenereta kama kila mwaka. Watatuma vijana kuibeba, na kijana mmoja ataitunza. Eucabeth hataweza kuikalia, kwa sababu ya lile jambo, lakini mashine yenyewe haina neno.

Eucabeth aliegemea nguzo ya lango. Mkono wake ulikuwa umepona, umeacha ngozi nyororo yenye rangi nyingine.

"Mzee," alisema, "mashine na mimi tulikosa pamoja. Kama mimi nimetengwa, nayo imetengwa. Mwaka ukiisha tutakuja wote wawili."

Angwenyi hakukasirika. Alichora ardhini kwa ncha ya kiatu.

"Mjukuu wangu alinisimulia," alisema hatimaye. "Kila jambo."

Eucabeth akangoja.

"Baraza ni baraza," mzee alisema. Alivaa kofia yake akaondoka, na alipofika mbali aligeuka kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaendelea na safari.

Makambi yakafanywa bila vipaza sauti. Sabato kuu watu walipita mbele ya boma tangu alfajiri, familia kwa familia, wanawake wamebeba vyakula vilivyopikwa jana yake. Eucabeth alibaki nyumbani. Bibi Nyanchama alivaa gauni lake jeupe akaenda kwa fimbo, akiongozwa na wanawake wa jirani. Boma lilibaki kimya kiasi kwamba Eucabeth alisikia ndizi zikisuguana upepo ukipita. Alikaa mlangoni na Biblia magotini, akajaribu kusoma somo la siku hiyo kwa sauti, lakini sauti yake mwenyewe ilimtia aibu, akaacha.

Alasiri, kabla ya mvua, bibi alirudi. Alirudi peke yake na mapema, mkutano ukiwa bado unaendelea. Hakwenda kwake. Alivuka ua mpaka mlangoni kwa Eucabeth, akajishusha juu ya kizingiti pembeni yake kama alivyokuwa akikaa zamani, akapumua.

"Sikusikia neno," alisema. "Wameniweka nyuma. Mhubiri anafungua mdomo tu."

Eucabeth alisema pole. Akaingia ndani akaleta maji ya kunywa, na bibi akayanywa yote. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya Nyamira.

"Ile nyumba," bibi alisema. "Watoto walikuwa wanafanya nini mle ndani?"

Eucabeth hakutarajia swali hilo. Alianza kwa kusitasita. Alisema walikuwa wanaruka tu, mama, hakuna kingine. Alisema sakafu yenyewe haikai chini, ukiikanyaga inakurudisha juu, na ukianguka huumii, kwa hivyo huogopi kuanguka. Alimweleza jinsi alivyoingia kwa magoti, na jinsi mtoto wa watu alivyomshika shingoni akamwachia uzito wote, na jinsi walivyorushwa juu pamoja mara mbili tatu kabla hawajaupata mlango. Alisema hajui kama ni dhambi, lakini ile mara ya pili aliporushwa, alicheka. Mkono unaungua, mashine nyuma iko karibu kufa, watu wanatazama, naye akacheka. Tangu Mogire azikwe hakuwa amecheka vile.

Alikuwa hajasema maneno mengi hivyo ndani ya boma lile kwa wiki nyingi. Aligeuka kuona yamepokewaje.

Bibi Nyanchama alikuwa amelala. Kichwa chake kiliegemea mwimo wa mlango, mdomo umefunguka kidogo, miguu yenye vumbi la safari imenyooshwa mbele. Hakuna ajuaye alisikia mpaka wapi. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga mabati. Eucabeth akavua koti lake akamfunika nalo mabegani, akasogea karibu ili upepo usimpige upande ule, akashusha sauti asije akamwamsha, akaendelea kusimulia.